Maumivu kutoka takoni mpaka kidole kidogo cha mguu, wiki ya tano sasa, naombeni mwenye uelewa

SindanoNaUzi ameandika:

Habari zenu wakuu. Naandika hii nikiwa nimesimama, simu nimeiegemeza juu ya kabati, manake kukaa siwezi kupitiliza dakika 10. Mimi ni fundi cherehani, mwanamke, umri miaka 38, kazi yangu ni kuinamia mashine kutwa nzima mguu wa kulia uko kwenye pedeli. Kiuno kiliniuma kama siku tatu hivi nikapuuza kwa sababu kiuno kwetu mafundi ni kitu cha kila siku, sasa asubuhi ya nne nimeamka tu nikainama kuokota mkasi ulioanguka, wala sio mzigo, mkasi tu, nikasikia kama shoti ya umeme imenipiga kwenye tako la kulia ikashuka nyuma ya paja ikapita shavu la mguu mpaka kidole kidogo. Nilibaki nimeinama vilevile nimeshika meza mpaka mume wangu akaja kuninyanyua.

Cha ajabu kiuno chenyewe sa hivi hakiumi sana, mateso yote yamehamia mguuni. Nikikohoa mguu unawaka, nikipiga chafya ndo usiseme. Soksi ya mguu wa kulia navalishwa. Ukingo wa nje wa unyayo una ganzi, nikitembea peku nahisi kama nimevaa soksi upande mmoja wakati sijavaa kitu. Usiku kujigeuza kitandani mpaka nijipange kwanza, nashika ubao wa kitanda, navuta pumzi, ndo nageuka.

Nilipiga eksirei wakasema mifupa iko sawa ni uchovu nipumzike. Baadae nikapigwa MRI, ile picha inayoonyesha mpaka neva, ripoti inasema diski kati ya L5 na S1, zile pingili za chini ya mgongo, imetokeza kulia na inagusa mzizi wa neva. Niliposoma hilo neno imetokeza nililia kwa kweli, nikajua basi mgongo wangu ndo umekwisha.

Sasa ushauri ninaopewa unanichanganya. Mmoja ananiambia lala chali kwenye godoro gumu wiki mbili usitoke. Mwingine inama ushike vidole vya miguu kila asubuhi mpaka mshipa ulegee. Mwingine tafuta mtu akukanyage mgongo diski irudi mahali pake. Mwingine choma sindano. Na wote wanakubaliana kitu kimoja, usikubali operesheni utapooza. Naombeni mwenye uelewa anisaidie, hiki ni kitu gani hasa, nilale au nitembee, na je kuna watu wamepona bila kisu?


NilipitaHapo ameandika:

Pole sana dada, hiyo ya soksi imenikumbusha mbali. Mimi mguu wangu ulikuwa wa kushoto, na nimepona bila kisu, ila nilichelewa kupona kwa makosa mawili ambayo naona na wewe unashauriwa uyafanye.

La kwanza ni kulala. Niliambiwa nilale wiki tatu na nikalala kweli, nainuka kwenda msalani tu, chakula naletewa. Siku ya kusimama miguu haina nguvu inatetemeka, maumivu yapo palepale, na juu yake nimepata woga, kila nikitaka kuinama kidogo naona diski inaruka nje. La pili ndo hilo la kushika vidole. Nikitoka tu kitandani nainama, nasikia nyuma ya paja panavuta vizuri nikadhani ndo dawa inafanya kazi, baada ya saa moja mguu unawaka mpaka unyayoni. Nimefanya hivo karibu mwezi mzima na hakuna siku niliyounganisha hivi vitu viwili.

Kilichonitoa ni fizio mmoja, mtaalamu wa tiba ya mazoezi, aliyeniuliza swali ambalo hakuna mtu alikuwa ameniuliza, "ukifanya hilo zoezi, maumivu yanapanda au yanashuka?" Sikumwelewa. Akanilaza kifudifudi nikae hivo dakika mbili tatu, halafu akaniambia egemea viwiko, kifua kiinuke taratibu nyonga zibaki chini. Kiuno kikaanza kuuma nikamwambia unaniumiza, akaniuliza, na unyayo je? Nikanyamaza nikasikilizia. Unyayo umetulia. Shavu la mguu limetulia. Maumivu yote yamepanda yamekaa kiunoni na juu ya tako. Akasema basi, hiyo ndo njia yako, kiuno kikiuma zaidi huku mguu unapoa usiogope, ila mguu ukiwaka zaidi hata kama kiuno kimepoa, acha hapohapo.

Nikawa nafanya mara 10 kila baada ya masaa mawili hivi na kutembea dakika tano tano mara nyingi kwa siku, sio mwendo mmoja mrefu. Wiki ya pili maumivu hayavuki goti. Wiki ya sita yamebaki takoni tu. Ganzi ya kidole gumba ndo iling'ang'ania, ilichukua kama miezi minne kuisha, kwa hiyo yako ikichelewa usikate tamaa.

Na dada tafadhali, usikubali mtu akukanyage mgongo.


FizioWaZamu ameandika:

Dada pole, na asante kwa kueleza vizuri hivi. Mimi ni fizio, nipo kwenye hii kazi miaka mingi, ila sijakushika wala kukupima kwa hiyo chukua haya kama maelezo, sio matibabu.

Maumivu ya namna hii yanaitwa siatika. Tuanze na mshipa wenyewe manake ukiuelewa woga unapungua. Neva ya siatiki ndo nene kuliko neva zote mwilini, pale takoni unene wake ni kama kidole. Inaundwa na mizizi mitano inayotoka sehemu ya chini ya uti wa mgongo, L4, L5, S1, S2 na S3, ikishaungana inapita ndani ya tako chini ya msuli unaoitwa pirifomisi, inashuka nyuma ya paja, ikikaribia goti inagawanyika mbili na matawi yake yanafika mpaka vidoleni. Sasa mzizi ukichokozwa huko juu kiunoni, ubongo unasikia maumivu kule neva inakoishia. Ndo maana watu wanachua shavu la mguu kwa dawa ya kupaka mpaka ngozi inababuka na hawapati nafuu, shida haipo pale.

Na mahali panapouma panakwambia ni mzizi upi. Ukingo wa nje wa unyayo na kidole kidogo ni S1. Juu ya unyayo na kidole gumba ni L5, kama kaka hapo juu. Kwako ganzi iko ukingo wa nje na MRI inasema L5 na S1, yani mwili na picha vimesema kitu kimoja. Nasisitiza hilo kwa sababu picha peke yake inaweza ikakupoteza. Kuna utafiti ulitoka 1994 kwenye New England Journal of Medicine, walipiga MRI watu 98 ambao hawaumwi mgongo kabisa, 52% wakakutwa na diski iliyovimba kidogo angalau sehemu moja, na 27% iliyotokeza. Watu wazima na shughuli zao, hawana habari kama wana kitu. Kwa hiyo hilo neno lililokuliza linakutwa kwenye migongo mingi sana ya watu wazima wanaotembea barabarani sasa hivi.

Diski ni kama mto kati ya pingili na pingili, nje ina pete ngumu ya nyuzi, ndani kuna kitu laini kama jeli chenye maji mengi. Usiku ukilala inanyonya maji, asubuhi unaamka imejaa na imekaza, ndo maana kuinama sana saa ya kwanza baada ya kuamka kunaipa pete ya nyuma mkazo mkubwa kuliko kuinama mchana. Mkasi wako ulikuta pete ishachoka kwa miaka ya kuinamia mashine, na ulikuta ni asubuhi. Pete ikipasuka jeli inasogea nyuma inakutana na mzizi. Hapo kuna mambo mawili, kuna kule kubana, na kuna kemikali zilizomo kwenye ile jeli zinazouchokoza mzizi mpaka unavimba, huo moto unaousikia sehemu kubwa ni huo uvimbe. Hata madaktari ilichukua muda kulijua hili, ni mwaka 1934 ndo Mixter na Barr wa kule Boston walipochapisha kesi zao wakaonyesha kwamba diski iliyopasuka ndo inabana mizizi, kabla ya hapo mtu aliweza kutibiwa nyonga au msuli miaka na miaka.

Jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi, na mimi linanisikitisha sana kwa sababu lingewapunguzia usiku mwingi wa kulia, ni kwamba mwili wenyewe unaila ile jeli. Seli za kinga zinaiona kama kitu kigeni zinaimega kidogokidogo mpaka inanywea. Na zile kubwa zilizotoka nje kabisa mara nyingi ndo zinanywea vizuri kuliko vile vivimbe vidogo vilivyo bado ndani ya pete. Kwa hiyo mtu kukanyaga mgongo eti airudishe diski hakuna kitu anachokirudisha, anaweza tu kusukuma zaidi. Wengi wanapata nafuu kubwa kati ya wiki 6 na 12. Wewe upo ya tano.

Kulala au kutembea. Waholanzi walilipima hili mwaka 1999, wagonjwa 183 wa siatika, kundi moja walale wiki mbili, jingine waendelee na maisha kadiri maumivu yanavyoruhusu. Baada ya wiki 12 makundi yote mawili 87% walisema wana nafuu. Kulala hakukuongeza kitu. Siku moja au mbili za kujilaza maumivu yakiwa makali sana sawa, zaidi ya hapo unadhoofisha misuli bure. Ukilala lala ubavu, mto katikati ya magoti, au chali na mto chini ya magoti, godoro gumu kama sakafu halina faida yoyote. Kukaa ndo adui mkubwa zaidi kwako sasa hivi hasa kukaa ukiwa umeinama mbele, pale diski inabanwa kuliko ukiwa umesimama.

Alichosema NilipitaHapo kuhusu kupanda na kushuka ni sahihi kabisa na ndo kitu cha kwanza ninachomfundisha mgonjwa. Njia hiyo ilisambazwa na fizio wa New Zealand, Robin McKenzie. Maumivu yakirudi juu kuelekea kiunoni ni dalili nzuri hata kama kiuno kinauma zaidi kwa muda. Yakikimbilia unyayoni, hilo zoezi sio lako kwa sasa, liwe limetoka kwa nani. Jaribu kulala kifudifudi tu kwanza, usiegemee viwiko siku ya kwanza, sikilizia mguu.

Ila kabla ya zoezi lolote nataka unijibu mambo mawili. Simama karibu na ukuta, shika kidogo, simama kwa mguu wa kulia peke yake unyanyue kisigino, mara 10, halafu linganisha na kushoto. Kisha tembea hatua chache kwa visigino. Na la pili usione aibu kunijibu, sehemu zinazogusa tandiko ukikaa kwenye baiskeli, pale katikati ya mapaja, njia ya haja kubwa na sehemu za siri, kuna ganzi? Mkojo unatoka kawaida, unajua ukiwa umejaa?


MtotoWaMama ameandika:

Samahani nadandia uzi wa dada. Mama yangu ana miaka 72, miguu yake yote miwili, akitembea kama dakika 10 inakuwa mizito inakufa ganzi lazima atafute pa kukaa, akikaa akainama mbele inaachia, na cha kushangaza akisukuma toroli anaenda mbali tu bila shida. Nimesoma hapa kuhusu kulala kifudifudi na kuinua kifua nikamjaribishia jana akalia kwa maumivu, miguu yote ikawaka. Nimemuumiza?


FizioWaZamu ameandika:

Hujamuumiza ndugu yangu, ila usirudie, na asante umeuliza maana ulichoeleza ni kitu kingine. Kwa umri huo na hiyo habari ya toroli, mara nyingi ni njia ya uti wa mgongo iliyokuwa nyembamba, mifupa na kano zimenenepa ndani zikaibana mizizi. Akijinyoosha au kujikunja nyuma njia inazidi kuwa nyembamba, akiinama mbele inapanuka, toroli linamfanya ainame ndo maana anaenda mbali. Yani ni kinyume cha dada. Huyo mazoezi yake ni ya kuinama, kulala chali na kuvuta magoti kifuani, baiskeli ya mazoezi isiyosogea, na kutembea kwa vipande huku anapumzika. Apimwe na mapigo ya damu kwenye miguu pia, kwa sababu mishipa ya damu ikiziba nayo inaleta maumivu ya kutembea, tofauti ni kwamba ya damu inaachia hata akisimama tu wima, hahitaji kuinama.

Ndo maana sipendi kabisa video zinazosema mazoezi matano ya siatika kwa kila mtu. Siatika ni jina la maumivu, chanzo kinaweza kuwa diski, kinaweza kuwa njia nyembamba, pingili iliyoteleza mbele, msuli wa pirifomisi, wengine pochi nene mfuko wa nyuma wanaikalia siku nzima.


NesiWaUsiku ameandika:

Naomba niongezee kwenye hilo la sindano manake dada ameambiwa achome. Mimi ni nesi na hili jambo lipo moyoni kwangu. Nimemuona kwa macho yangu kijana aliyechomwa sindano ya maumivu takoni na mtu asiyejua, palepale sindano inaingia akapiga ukelele, moto ukashuka mpaka unyayoni, na tangu siku ile mguu ukawa unaburuza vidole hawezi kuunyanyua. Neva ya siatiki inapita humohumo takoni. Sindano ya tako ikichomwa lazima iwe robo ya juu upande wa nje, au zaidi ya hapo salama zaidi ni ubavuni mwa nyonga, kamwe sio katikati wala chini. Ukichomwa ukasikia shoti inashuka mguuni mwambie achomoe hapohapo, usivumilie kwa heshima.

Kuna sindano nyingine tofauti, ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, inayochomwa mgongoni karibu na mzizi wenyewe, hiyo anafanya mtaalamu, mara nyingi anaongozwa na picha. Hiyo inaweza kupunguza makali kwa wiki kadhaa kwa baadhi ya watu. Haiondoi diski, inakununulia muda wa kuweza kufanya mazoezi.


SindanoNaUzi ameandika:

Jamani asanteni sana, nimesoma mara mbili mbili. Nimefanya ulivyosema fizio. Mkojo kawaida, choo kawaida, ganzi sehemu hizo hakuna. Visigino nimetembea vizuri tu. Ila kunyanyua kisigino cha kulia kimenitisha, mguu wa kushoto nimefanya 10 bila shida, wa kulia nimefanya mbili ya tatu kisigino hakinyanyuki, nikisukuma hakuna kitu, kama pedeli ya mashine iliyokatika mkanda. Na sasa ndo naelewa kwa nini wiki hizi nikipanda ngazi mguu huo unachelewa. Hii maana yake nini? Nimelala kifudifudi dakika tano, moto umetoka kidoleni umebaki shavu la mguu, nilipoinuka ukarudi baada ya nusu saa hivi.


FizioWaZamu ameandika:

Umefanya vizuri sana kujipima. Maana yake mzizi wa S1 haupitishi nguvu ya kutosha kwenda kwenye misuli ya shavu la mguu. Ganzi na maumivu tunaweza kusubiri navyo, nguvu ikipungua hatusubiri kimya kimya, inatakiwa daktari aione na aiandike, ili wiki mbili zijazo ijulikane imepanda au imeshuka. Nenda wiki hii, usingoje wiki ya 12. Mwambie sentensi hiyohiyo, kisigino cha kulia hakinyanyuki zaidi ya mara mbili. Mwonyeshe. Mwombe akupime rifleksi ya kifundo, ile ya kugonga nyuma juu ya kisigino, na akunyanyue mguu ukiwa umelala chali umenyooka, moto ukishuka mguuni kati ya nyuzi 30 na 70 hivi anapata jibu lake.

Na hili nalisema kwa herufi kubwa kwako na kwa wote wanaosoma. IKITOKEA GANZI SEHEMU ZA TANDIKO, AU MKOJO UMEJAA HAUTOKI, AU UNATOKA HUJUI, AU CHOO HAKIZUILIKI, AU MIGUU YOTE MIWILI IMEANZA KULEGEA, hiyo sio ya kusubiri asubuhi. Ni mizizi yote ya chini imebanwa kwa pamoja, unakwenda dharura saa hiyohiyo, hapo masaa ndo yanaamua kama mtu atarudi kukojoa mwenyewe. Vilevile maumivu ya mgongo yanayokuja na homa, kukonda bila sababu, jasho la usiku, au mtu aliwahi kuugua saratani, hiyo isichukuliwe kama diski mpaka ithibitishwe.

Kuhusu kisu. Operesheni ya diski ya siku hizi wanatoa kile kipande kilichobana, sio kukufungua mgongo mzima, na kupooza ni nadra sana. Waholanzi tena, 2007, walichukua watu 283 wenye siatika kali ya wiki 6 mpaka 12, nusu wakafanyiwa mapema, nusu wakasubiri na matibabu ya kawaida na wakishindwa wafanyiwe. Waliofanyiwa mapema mguu ulipoa haraka zaidi. Baada ya mwaka mmoja makundi yote mawili 95% walijiona wamepona, na kwenye kundi la kusubiri 39% waliishia kufanyiwa. Kwa hiyo kama nguvu haishuki, una haki ya kuchagua, unanunua haraka au unanunua subira. Kama nguvu inashuka wiki hadi wiki, hapo mazungumzo na daktari yanabadilika na usikimbie kwa ajili ya maneno ya watu.


NilipitaHapo ameandika:

Na dawa je fizio? Mimi nilipewa pregabalini, ile dawa ya maumivu ya neva, nikawa natembea kama nimelewa, sikuona mguu kupoa.


FizioWaZamu ameandika:

Dawa sio fani yangu sana ila hilo naweza kulijibu. Pregabalini ilipimwa kwa wagonjwa wa siatika Australia, matokeo yakatoka 2017, haikuzidi kidonge kisicho na dawa na kizunguzungu kilikuwa kingi zaidi. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, unasema wazi zisitolewe kwa siatika, hiyo na ndugu yake gabapentini. Lakini kama mtu ameshaizoea asiikate ghafla, apunguze na daktari wake. Vidonge vya kundi la ibuprofeni na diklofenaki vinasaidia kiasi kwa muda mfupi, ila mwenye vidonda vya tumbo, figo, presha au ujauzito asijipe mwenyewe.


SindanoNaUzi ameandika:

Narudi baada ya siku 11 kama nilivyoahidi inbox kwa fizio.

Daktari niliyempata safari hii alinipima kwa mikono kwanza kabla ya kuangalia picha. Rifleksi ya kifundo cha kulia haipo, mguu nilipoinuliwa moto ulishuka kwenye nyuzi 40. Akanifanyisha kisigino akaandika 2, akasema nirudi baada ya siku 10, ikiwa 2 au chini ya hapo tunazungumza na mpasuaji, ikiwa imepanda tunaendelea. Sikuwahi kuelezwa ugonjwa wangu hivi, nilitoka pale mguu bado unauma lakini kifua chepesi.

Nimekuwa nikilala kifudifudi mara sita kwa siku, tangu siku ya nne nimeanza kuegemea viwiko. Natembea ndani ya nyumba dakika tano tano nahesabu kwa wimbo. Kuinama asubuhi nimeacha kabisa saa la kwanza, na mkasi nimeufunga kamba nimeuning'iniza kwenye meza usianguke tena.

Jana nimerudi kwa daktari. Kisigino kimenyanyuka mara 6. Nilihesabu kwa sauti na yeye anahesabu. Maumivu sasa hivi yanaishia nyuma ya goti, unyayo hauwaki tena, ganzi bado ipo kama ilivyo. Jana usiku nimegeuka kitandani bila kushika ubao, nimekuja kushtuka asubuhi kwamba niligeuka.

Swali langu la mwisho, wateja wananisubiri, nitarudije kwenye mashine?


FizioWaZamu ameandika:

Kutoka 2 mpaka 6 ni nzuri sana, endelea hivohivo.

Mashine ipandishe, weka vipande vya mbao chini ya miguu ya meza mpaka kitambaa kiwe karibu na urefu wa kiwiko chako, ili macho ndo yashuke na sio mgongo. Kiti kiwe juu kidogo nyonga zizidi magoti, taulo lililoviringishwa nyuma ya kiuno. Pedeli isogeze karibu usiifukuzie kwa mguu, na kama mashine inaendeshwa na umeme jaribu mguu wa kushoto mwezi huu. Kukata kitambaa fanya umesimama kwenye meza ndefu, usikate chini sakafuni. Wiki ya kwanza shona dakika 15 simama, tembea, jikunje nyuma mara tano, rudi. Unyayo ukianza kuwaka, umepitiliza, kesho punguza.


SindanoNaUzi ameandika:

Mbao ninazo. Mume wangu anapima meza sasa hivi.